Je, Wajua? Samaki anayeiba nyumba ili apate wake

Hadi mwaka 2015, Lubumbashi ilipokuwa makao makuu ya Katanga nzima, jimbo letu lilifika mpaka kwenye maji ya Ziwa Tanganyika. Humo anaishi samaki ambaye wanasayansi humwita Lamprologus callipterus. Dume ana uzito wa takriban mara 12 ya jike; hakuna mnyama mwingine anayejulikana ambaye dume amempita jike kwa kiasi hicho.

Sababu ni makazi. Jike hutaga ndani ya kombe tupu la konokono, kwa hiyo lazima awe mdogo apate kuingia. Dume lazima awe na nguvu za kulibeba kwa mdomo. Huyarundika makombe mengi mahali pamoja, na majike huja kuchagua. Akipungukiwa huiba kwa jirani. Hata kombe lenye jike ndani hulibeba lilivyo, kisha humfukuza aliyemo. Wizi wa mabavu, basi!

Jike anapotaga, jitu hilo haliwezi kuingia. Hutoa mbegu mlangoni tu. Hapo huja madume vibete, ambao uzito wao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwenye rundo. Kibete hupenya ubavuni mwa jike, akajibana kwenye ncha ya ndani kabisa ya kombe, na kurutubisha mayai huku mwenye mali akilinda nje. Ukibete huo si utoto wala njaa: mwana huurithi kwa baba, naye hubaki hivyo maisha yake yote.