Joto Barabarani: Dereva wa Pikipiki Ajikinge Namna Gani?



Tangu Desemba mpaka Machi jua la Kibiti halina mzaha. Hewa nayo ni nzito, kwa sababu bahari na mikoko ya delta ya Rufiji iko karibu. Lakini pikipiki hazipumziki. Zinabeba wagonjwa, samaki, magunia ya korosho, na abiria walioshuka kwenye boti pale Nyamisati.

Siku moja ya Januari tulikaa chini ya mwembe katika kijiwe kimoja cha bodaboda. Akafika kijana amempakia mama mmoja. Akazima pikipiki, mama akashuka. Kijana alipotaka kushuka akayumba, wenzake wakamdaka. Alikuwa hajanywa maji tangu asubuhi. Tulimwuliza kwa nini. Akajibu, "Nikisimama kunywa maji, hesabu ya tajiri haitimii."

Bahati yake alikuwa amekwisha simama. Je, angeyumba katikati ya barabara kuu ya kwenda Lindi, na lori liko nyuma yake? Yeye na yule mama wangekuwa wapi leo? Basi hebu tuzungumze juu ya joto.

Mwili ni kama mtungi

Sote tunajua kwamba maji ya mtungi ni baridi kuliko maji ya ndoo ya plastiki. Kwa nini? Mtungi wa udongo hupitisha maji kidogo kidogo mpaka nje. Unyevu ule ukikauka, unaondoka na joto la maji yaliyobaki ndani.

Mwili wa mtu hufanya hivyo hivyo. Joto la kawaida ndani ya mwili ni nyuzi 37 hivi. Likitaka kuzidi, mwili hutoa jasho. Jasho likikauka juu ya ngozi, mwili unapoa.

Tukumbuke mambo mawili. Kwanza, jasho linalodondoka chini bila kukauka halipozi mwili. Ndiyo maana huku pwani, penye unyevu mwingi hewani, tunalowa na bado tunaona joto. Pili, mtungi usipojazwa hukauka. Mtu naye asipokunywa maji hukosa jasho la kumpoza.

Upepo unadanganya

Pikipiki ikienda, upepo hukausha jasho upesi. Dereva anaona raha. Shati lake halilowi, anadhani hapotezi maji. Kumbe anayapoteza kila dakika! Akisimama, upepo unakatika. Jua liko kichwani, injini inamfukiza miguuni. Hapo ndipo kizunguzungu kinapomkamata, kama kilivyomkamata yule kijana.

Tuvae nini?

Madereva wengi huvaa koti zito kinyume, vifungo vikiwa mgongoni, ili kuzuia upepo kifuani. Alfajiri koti hilo ni zuri. Lakini mchana koti la nailoni huzuia upepo usilifikie jasho. Dereva anachemka ndani yake kama muhogo chunguni.

Wengine hulivua koti wakabaki na fulana ya mikono mifupi. Hilo nalo si jema. Jua huchoma ngozi, na mtu akianguka anachunika vibaya. Watu wa nchi za jangwa, kama Oman, huvaa kanzu ndefu nyeupe. Hawaachi ngozi wazi juani. Nasi tuvae shati la pamba, pana, la mikono mirefu, lenye rangi nyeupe au hafifu.

Dawa nyingine rahisi ni kitambaa. Kiloweshe maji, ukikamue, ukifunge shingoni. Ncha zake zichomeke ndani ya shati, zisije zikapeperuka na kunaswa na gurudumu.

Kofia ngumu haivuliwi kwa sababu ya joto. Ivue ukisimama kivulini, kichwa kipate hewa. Ukiondoka, ivae tena.

Akina mama, mtoto aliye mgongoni msimfunike kanga gubigubi. Anahitaji hewa. Mkisimama, mpeni maji, na mchanga apewe ziwa.

Maji kabla ya kiu

Usingoje kiu. Kunywa kabla ya kuondoka, kisha kunywa kidogo kidogo kila unaposhusha abiria. Chukua chupa ya maji safi, hasa ukienda upande wa Nyamisati, maana maji ya karibu na bahari yana chumvi. Dafu pia ni zuri. Pombe si kinywaji cha dereva, tena huzidi kuukausha mwili.

Tazama mkojo wako. Ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, mwili una maji. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, umechelewa, kunywa.

Aliyetoka jasho jingi kwa muda mrefu hupoteza na chumvi. Lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, humrudishia nguvu.

Anayefunga Ramadhani anywe maji ya kutosha usiku na wakati wa daku. Safari ndefu azifanye asubuhi. Kuanzia saa sita mpaka saa tisa mchana apumzike kivulini kadiri awezavyo.

Dalili za hatari

Kichwa kikiuma, misuli ikikaza, ukiona kizunguzungu au kichefuchefu, simama mara moja. Kaa chini ya mkorosho au mwembe, legeza nguo, kunywa maji. Usiendeshe mpaka upate nafuu.

Lakini mwenzako akianza kusema ovyo, au akianguka na mwili unawaka moto, hiyo ni hatari ya kufa. Mpelekeni kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mmpepee. Asiyejitambua msimnyweshe kitu. Wakati mnampoza, tafuteni gari la kumpeleka hospitali. Wala msiseme tu "ni malaria" mkampa vidonge nyumbani. Malaria hupimwa. Joto haliponi kwa vidonge.

Ndugu dereva, kikombe cha maji hakimalizi dakika moja. Hesabu ya tajiri italipwa kesho na mtu aliye hai.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini maji ya mtungi ni baridi? Mwili unafanana nao vipi?
2. Kijiwe cha kijiji chenu kina kivuli na mtungi wa maji? Kama hakina, nani ataanza?
3. Wenye pikipiki na madereva wanaweza kupatana nini juu ya hesabu ya siku za joto kali?