Mbwa akipofuka, pima maumivu kabla ya kuamua

Mbwa wa nyumbani akipofuka, mara nyingi kauli ya kwanza kusikika ni kwamba bora auawe asiteseke. Kauli hiyo hutokana na huruma. Mtu hufumba macho, akaona giza, akahitimisha kwamba maisha ya namna hiyo hayana maana. Lakini mbwa haishi kwa kutegemea macho kama tunavyoishi sisi. Wapo mbwa waliouawa wakiwa bado na miaka ya kula, kucheza na kubweka langoni, na wapo walioachwa na jicho linalouma mchana na usiku bila mtu kutambua. Makosa hayo mawili yana mzizi mmoja: tunaangalia giza, hatuangalii maumivu.

Pua kwanza, macho baadaye

Kila mbwa huanza maisha akiwa haoni wala hasikii. Huzaliwa macho yamefumba na masikio yameziba, na macho hufunguka akiwa na umri wa siku 10 hadi 14 hivi. Katika siku hizo humtafuta mama yake kwa harufu, joto na mguso. Ukubwani uwezo huo unazidi kukomaa. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200, ilhali ya binadamu ina milioni 5 au 6 hivi. Masikio yake hunasa sauti nyembamba zenye mitetemo inayokaribia 45,000 kwa sekunde. Yetu huishia kwenye 20,000. Kwa upande wa macho, rangi anazozitofautisha vizuri ni za jamii ya buluu na manjano, na vitu havioni kwa undani tunaouona sisi, ingawa kwenye mwanga hafifu anatushinda.

Mtazame mbwa aliyeuzoea upofu akivuka uwanja wa kwao. Hunyanyua miguu ya mbele juu kidogo kuliko kawaida na kuishusha kwa tahadhari, pua ikiwa karibu na ardhi. Sikio moja linageukia jikoni kwenye mlio wa sufuria, jingine linabaki upande wa lango. Akifika ukutani, anaugusa kwa ndevu za mdomoni, anaufuata kwa bega mpaka pembeni, kisha anakata kona bila kujigonga. Mgeni anaweza kukaa barazani muda mrefu asijue kwamba mnyama huyo haoni. Ndiyo maana upofu unaokuja pole pole mara nyingi hugunduliwa siku kochi linapohamishwa au pikipiki inapoegeshwa mahali papya.

Upofu wa ghafla ni mgumu zaidi. Mbwa anaweza kujikunyata, kukataa kutembea, au kung'ata anaposhtuliwa. Hata hivyo wengi hujifunza upya nyumba yao ndani ya wiki au miezi michache. Mwaka 2013, jarida la chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani lilichapisha utafiti kuhusu mbwa 100 waliopofuka ghafla kwa ugonjwa wa retina usio na tiba. Asilimia 95 ya wamiliki walisema wangemshauri mwenzao asimwue mbwa wake kwa sababu ya ugonjwa huo. Hao walishaishi na mbwa kipofu, na ushuhuda wao una uzito kuliko hofu ya siku ya kwanza.

Si kila jicho lenye ukungu ni pofu

Kabla ya uamuzi wowote, lazima ijulikane jicho lina nini. Mbwa wengi wakivuka umri wa miaka saba hivi, lenzi zao hupata ukungu wa rangi ya kijivu au buluu kwa sababu ya uzee tu, nao wanaendelea kuona vizuri. Mwenye mbwa akiuona ukungu huo hudhani ni mtoto wa jicho. Daktari ana njia rahisi ya kupata dalili ya mwanzo: hudondosha pamba mbele ya mbwa. Pamba haina mlio wala haivumishi upepo, kwa hiyo mbwa anayeifuata kwa macho anaona. Ukimpungia mkono karibu na uso, anaweza kupepesa kwa sababu ya upepo, ukadanganyika.

Katika mazingira yetu yapo magonjwa yanayopofusha ambayo yakiwahiwa hutibika. Mbwa wanaoishi karibu na mapori yenye mbung'o hupata nagana, na mojawapo ya dalili zake ni kioo cha jicho kugeuka cheupe au cha buluu. Wengi hudhani ni ugonjwa wa macho peke yake, kumbe vimelea viko kwenye damu na mnyama mzima yumo hatarini. Kupe wa mbwa naye hueneza ugonjwa unaoitwa erlikia, ambao unaweza kuleta uvimbe na damu ndani ya jicho. Kwa magonjwa yote mawili, kipimo cha damu na dawa sahihi mapema vinaweza kuokoa uhai na macho pia.

Kisha kuna swila, nyoka anayetema sumu akilenga uso. Mbwa mdadisi huwa wa kwanza kumfuata kichakani. Pwani ya Kenya ndiko alikotambuliwa swila mkubwa kuliko wote duniani, aliyeingizwa rasmi katika orodha ya wanasayansi mwaka 2007 kwa jina la Naja ashei, kwa heshima ya James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken kule Watamu. Sumu ikiingia jichoni, dawa ya kwanza ni maji safi mengi, yamiminwe palepale kwa dakika 15 au zaidi, kisha mbwa apelekwe kwa daktari. Wapo wanaotia chumvi, maziwa au majani yaliyopondwa. Waache. Waache vilevile matone ya macho ya binadamu yaliyobaki kabatini, kwa maana baadhi yana steroidi, na steroidi kwenye jicho lenye kidonda huweza kulitoboa.

Kisukari nacho huwaletea mbwa wengi mtoto wa jicho, wakati mwingine kwa kasi ya kushangaza. Mtoto wa jicho unaweza kuondolewa kwa upasuaji, lakini huduma hiyo ni ghali na haipatikani kila mji. Upofu wa kurithi wa retina huanza kwa mbwa kusita gizani, kisha mwanga wa mchana nao unapotea. Mwingi wa aina hii hauna tiba, ila hauumi.

Mbwa vipofu wenyewe wamewasaidia binadamu katika jambo hili. Wanasayansi wa Marekani waliwatibu mbwa watatu wa jamii ya Briard waliozaliwa na kasoro ya jeni ya RPE65, wakawaingizia jeni nzima ndani ya jicho, na mwaka 2001 wakatangaza kwamba mbwa hao wameanza kuona. Mmoja wao, Lancelot, alifikishwa hadi Bunge la Marekani. Desemba 2017, tiba iliyotokana na njia hiyo iliidhinishwa nchini humo kwa watu wenye kasoro ya jeni hiyohiyo, watoto wakiwamo.

Maumivu ndiyo mwamuzi

Hatari kubwa ni jicho lililopofuka huku likiuma. Mfano wake ni glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Kwa kawaida presha ya ndani ya jicho la mbwa haivuki milimita 25 za zebaki au karibu na hapo; ya jicho lenye glakoma inaweza kufika 50 na zaidi. Jicho huwa jekundu, kioo chake kikapata ukungu, mboni ikatanuka na kubaki hivyo. Mbwa hulia mara chache. Badala yake hulala sana, hupunguza kula, hufumba jicho, huchuruzika machozi, hukwepa kuguswa kichwani. Watu wa nyumbani husema amezeeka. Hajazeeka, anaumwa.

Ikiwa jicho haliwezi tena kuona na presha haishuki kwa dawa, madaktari hushauri liondolewe. Wenye mbwa wengi hushtuka wakisikia hivyo, kwa kuona kwamba ni ukatili. Ukweli ni kinyume chake: jicho lisiloona halimpi mbwa chochote zaidi ya maumivu, na likiondolewa kidonda kikapona, mbwa aliyekuwa amejikunja pembeni huanza tena kula na kucheza. Jambo moja la kukumbuka: usimpe dawa za maumivu za binadamu kama ibuprofen, kwani zinaweza kumwua.

Kwa anayetaka kipimo cha hali ya mbwa wake, daktari wa saratani za wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, aliandaa orodha ya mambo saba: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35 maisha ya mnyama huhesabiwa kuwa bado yanafaa kuendelezwa. Msomaji atazame orodha hiyo tena. Uwezo wa kuona haumo. Mbwa kipofu anaweza kupata alama za juu kila mstari, na mwenye macho mazima akaanguka.

Uwanja, lango na mlinzi

Mbwa kipofu huishi kwa ramani aliyoihifadhi kichwani, kwa hiyo kazi ya mwenye nyumba ni kutoivuruga. Bakuli la maji likae palepale kila siku, na mahali pa kulala vivyo hivyo. Shimo la takataka lifunikwe, jiko la mkaa liinuliwe kutoka chini, nyaya na misumari iliyochomoza iondolewe. Watoto wafundishwe kumwita jina kabla ya kumgusa, hasa akiwa amelala. Maneno machache yanayotumika kila mara, kama "simama", "panda" na "shuka", humfaa sana. Nje ya geti atembee kwa kamba mkononi mwa mtu, kwani bodaboda haitamkwepa. Na chanjo ya kichaa cha mbwa isikosekane, maana mbwa anayeshtuka anaweza kung'ata. Katika maeneo mengi chanjo hutolewa bure au kwa bei nafuu karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Kwetu Afrika Mashariki mbwa wengi hufugwa kwa ulinzi, na hapo ndipo swali gumu huja: mbwa asiyeona ana faida gani? Masikio na pua zake bado zinafanya kazi, naye anaweza kubweka kabla ya mwenzake mwenye macho kugundua kitu. Lakini haifai kumwacha peke yake usiku amkabili mwizi asiyemwona. Awe na mwenzake, alale ndani ya ua au barazani, abaki kuwa sikio la nyumba. Kumfunga mnyororo mchana kutwa ati asipotee ni kumnyang'anya mwendo, ambao ndio humjulisha dunia yake. Na kumpakia kwenye gari kwenda kumtupa mbali, mahali asipopajua hata kwa harufu, ni kumwua kwa njia ndefu.

Uamuzi wa mwisho

Zipo siku ambazo kumpumzisha mbwa ni tendo la upendo: maumivu yasiyotulizika, ugonjwa uliosambaa, mnyama asiyekula wala kuinuka. Uamuzi huo ufanywe pamoja na daktari, na utekelezwe kwa sindano inayomlaza usingizi kabla moyo haujasimama. Sumu kwenye nyama, rungu au kamba si huruma. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama ya Kenya, Sura ya 360, zinakataza kumtesa mnyama. Na kwa wasomaji Waislamu, ambao wengi wao hawamweki mbwa ndani ya nyumba, inajulikana habari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Huruma kwa mbwa haikungoja apendwe kwanza.

Asiyemudu gharama au nafasi asione aibu kusema. Wapo mabwana mifugo kwenye kata, na vyuo vinavyofundisha udaktari wa wanyama, kama SUA kule Morogoro na Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, vina kliniki zinazopokea mbwa. Nairobi kuna pia KSPCA, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama.

Ndugu msomaji, ikiwa mbwa wako ameanza kujigonga kwenye viti, mpeleke akapimwe wiki hii, kabla hujaamua lolote. Uliza mambo mawili tu: anaumia wapi, na maumivu hayo yanaondolewaje? Akiwa haumwi, mpe muda ajifunze nyumba yake upya. Kutoona kwake peke yake si sababu ya kumwua.