Louisville: nyundo, jiwe na mgodi

Mwanafunzi wa jiolojia aishiye Louisville, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, hahitaji kwenda mbali ili aanze masomo ya nje ya darasa. Akivuka tu mto Ohio hadi Clarksville, jimbo la Indiana, wakati maji yamepungua, atajikuta akikanyaga matumbawe yenye umri wa takriban miaka milioni 390.

Enzi hizo eneo hili lilikuwa kusini mwa ikweta, chini ya bahari ya kina kifupi yenye maji ya vuguvugu. Msomaji wa Unguja au Lamu, ambaye nyumba za wazee wake zilijengwa kwa mawe ya aina hiyo, huenda akayatambua upesi kuliko Mmarekani wa bara. Lakini nyundo ibaki mkobani: kuchukua visukuku kutoka kwenye mwamba huo ni marufuku.

Bahari hizo za kale ndizo zilizoacha mawe ya chokaa, na chokaa ilichimbwa chini ya Louisville yenyewe kwa miaka ipatayo 42 tangu miaka ya 1930. Lililobaki ni pango la ekari zipatazo 100, ambalo leo hupokea watalii kwa jina la Mega Cavern. Wachimbaji hawakuondoa mwamba wote. Waliacha nguzo nene za mawe zibebe dari. Mwaka 1962, wakati wa mgogoro wa makombora ya Cuba, pango hilo lilitengwa liwe kimbilio la watu 50,000 endapo vita vya nyuklia vingezuka.

Anayetaka madini ya kubeba nyumbani huelekea magharibi mwa jimbo, hadi mji mdogo wa Marion. Huko, maji moto yenye chumvi yalipanda zamani kupitia nyufa za mwamba na kuacha floraiti, madini ya rangi ya zambarau, njano au meupe kama kioo. Mji huo una jumba la makumbusho lililojengwa juu ya mkusanyiko wa Ben E. Clement.

Kuitambua floraiti ni somo la dakika chache. Kisu cha chuma huikwaruza, lakini yenyewe haikwaruzi kioo. Ukiidondoshea tindikali hafifu haitoi povu, ilhali kalsaiti, inayofanana nayo kwa macho, hutokota papo hapo. Viwanda huitumia kuyeyushia chuma na kutengenezea tindikali kali.

Floraiti si ngeni kwetu. Bonde la Kerio nchini Kenya liliichimba kwa miongo kadhaa huko Kimwarer, na leseni ya mgodi ilimalizika mwaka 2018. Wakazi waliohamishwa kupisha mgodi waliendelea kudai fidia ya ardhi yao. Hilo halionekani katika kipande cha zambarau kilicho juu ya meza yangu, ingawa kila nikikitazama ndilo ninalolikumbuka kwanza.

Kabla ya kushuka mgodini, mwanafunzi hupewa helmeti na kuelezwa kanuni. Kanuni hizo zina historia. Machi 9, 1976, gesi ililipuka katika mgodi wa makaa ya mawe wa Scotia, mashariki mwa Kentucky, na kuua watu 15. Siku mbili baadaye mlipuko wa pili uliua wengine 11, watatu kati yao wakaguzi wa serikali. Mwaka uliofuata Marekani ilipitisha sheria mpya ya usalama migodini.

Mererani, Tanzania, mafuriko ya Machi 2008 yaliwafukia makumi ya wachimbaji wa tanzanaiti. Rubaya, mashariki mwa Kongo, koltani huchimbwa kwa sepetu na mikono, na maporomoko yameua watu mara nyingi.

Louisville imewapokea wakimbizi wengi wa Kikongo wanaozungumza Kiswahili. Mzazi miongoni mwao, akiambiwa na mwanawe kwamba darasa linakwenda mgodini, ana sababu ya kuuliza mara mbili.