Tunamkodolea macho mpita njia, tunasahau kambi

Kila ugonjwa mpya unapotangazwa Kongo, Uganda au Burundi, swali la kwanza mitaani Tabora huwa ni nani ameingia na ametokea wapi. Macho yanageukia treni ya Kigoma, mabasi ya usiku, na malori ya Rwanda na Burundi yanayopita Igunga na Nzega kuelekea mpakani. Woga huo si ujinga, wala haukuanza jana. Mji huu ulikua kwa misafara: hapa njia ya kutoka Bagamoyo iligawanyika, moja ikaenda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Maradhi kadhaa yaliyoua watu Unyanyembe, yaani Tabora na viunga vyake, yaliingia kweli pamoja na wasafiri. Lakini historia hiyo hiyo, ukiisoma kwa makini, inaonyesha kwamba mara nyingi tumeogopa kisichohusika. Tunamkagua mgeni usoni, ilhali ugonjwa uko kwenye kisima anachonywea, sakafu anayolalia na choo asichokipata.

Tuanze na ndui, maana ndiyo inayowapa nguvu wanaotaka milango ifungwe. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857 akiwa na John Speke, aliandika jinsi alivyopishana njiani na msafara uliokuwa umepoteza watu wapatao 50 kwa ndui. Waliobaki walikuwa wakijikokota nyuma ya wenzao, wengine wamepofushwa na ugonjwa, kina mama wakiwa na watoto walioambukizwa. Hawakuthubutu kutoka njiani, kwani aliyeanguka hakuinuka tena, na hakuna kijiji kilichokubali kuwapokea. Kwa ndui peke yake, wazee wa vijiji hivyo walikuwa na hoja: upele unaonekana kwa macho, na anayemkaribia mgonjwa ndiye anayeupata. Ila tupige hesabu. Ndui huchukua kama siku 12 tangu mtu aambukizwe hadi augue, na msafara wenye mizigo ulitumia miezi miwili, mitatu au zaidi kutoka pwani hadi Tabora. Burton mwenyewe alitumia zaidi ya minne. Mpagazi aliyeambukizwa Bagamoyo hakuweza kuifikisha Unyanyembe. Njiani angekuwa ama amekufa ama amepona, na aliyepona ndui haiugui tena. Kilichofika Tabora ni mnyororo wa watu walioambukizana kambini, usiku baada ya usiku, mamia wakilala bega kwa bega. Vijiji vilivyofunga milango havikuukata mnyororo huo. Viliwalazimisha tu wagonjwa waendelee kutembea.

Kipindupindu cha 1869 na 1870 kinalieleza jambo hili vizuri zaidi, kwa sababu kilifuatiliwa hatua kwa hatua na James Christie, daktari aliyeishi Unguja na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1876. Unguja ilizoea kuyatarajia maradhi kutoka baharini, pamoja na majahazi. Safari hii yaliingilia mlango wa nyuma: kwa maelezo ya Christie, ugonjwa ulishuka kutoka kaskazini kupitia nchi ya Wamasai, ukatokea Pangani, ndipo ukavuka kuingia Unguja mwishoni mwa 1869. Kutoka pwani ukapanda bara na misafara. David Livingstone, akiwa amekwama Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akapata habari kwamba umeifuata njia ya Waswahili hadi upande huo. Hapa hesabu ni kali kuliko ya ndui, kwani kipindupindu hujitokeza baada ya saa chache au siku chache tu. Kukipeleka zaidi ya kilomita 1,000 kwa mguu kulihitaji visima. Msafara unaoondoka unayachafua maji, msafara unaoingia unayanywa, na kijiji jirani nacho kinateka hapo hapo. Mwanakijiji aliyekaa mbali na wapagazi, asimpe mkono hata mmoja, kisha akamtuma bintiye kisimani na mtungi, hakuwa amejikinga na chochote.

Papasi ndiye anayeigeuza kabisa hoja ya woga. Kupe huyu si msafiri wa kutajika. Hukaa kwenye nyufa za kuta na vumbi la sakafu ya udongo. Usiku hutoka, humnyonya aliyelala kwa dakika kadhaa, hushiba, kisha hurudi ufani kabla hakujapambazuka. Anaweza kukaa miaka bila kula. Daktari Mjerumani Robert Koch, alipofanya utafiti katika koloni la Wajerumani mwaka 1905, aliwakuta papasi wenye vimelea vya homa ndani ya vibanda vya kupumzikia kwenye njia za misafara. Akaonyesha pia kwamba papasi jike hurithisha vimelea hivyo kupitia mayai, kwa hiyo kibanda kikishaambukizwa hubaki hatari hata mgonjwa wa mwisho akiwa ameondoka zamani. Na nani aliyeugua? Wenyeji walioumwa na papasi tangu utotoni walikuwa wamejenga kinga. Aliyeanguka ni mgeni. Basi kwa homa ya papasi mgeni ndiye aliyestahili kumwogopa mwenyeji, au tuseme kuiogopa sakafu ya mwenyeji. Njia ya kujikinga nayo ilikuwa nyepesi pia: kutolala kwenye kibanda cha zamani, kupiga hema mbali nacho. Funza naye, kwa taarifa ya wanaodhani maradhi ya bara hili yote hutoka pwani, alitoka upande wa pili. Aliletwa Angola na meli kutoka Brazili mwaka 1872, akavuka bara zima kwenye nyayo za wapagazi, na kabla karne haijaisha alikuwa Bahari ya Hindi.

Atakayepinga atasema hayo yalikuwa mambo ya miguu. Siku hizi basi linaondoka Dar es Salaam alfajiri na siku hiyo hiyo abiria wanalala Tabora. Ni kweli, na pingamizi hili lina uzito. Safari imekuwa fupi kuliko muda ambao ugonjwa hujificha mwilini, hivyo mtu anaweza kupanda mzima, kushuka mzima, na kuugua wiki ijayo. Lakini hilo linazidi kuidhoofisha dawa ya kumkagua mgeni kwa macho. Septemba 2014 msafiri mmoja alipimwa joto uwanja wa ndege wa Monrovia, akaruhusiwa kupita, akafika Dallas nchini Marekani na kuugua Ebola siku chache baadaye. Watu waliokuwa wakikaa naye nyumba moja hawakuambukizwa. Walioambukizwa ni wauguzi wawili waliomhudumia hospitalini. Homa ya Marburg ilipotokea Kagera mwaka 2023, wagonjwa walikuwa 9, wakafa 6, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Mlipuko ule ulitangazwa kwisha Juni 2 baada ya watu zaidi ya 200 waliokaribiana na wagonjwa kufuatiliwa mmoja mmoja. Kazi hiyo inachosha, haipigiwi kelele, na haifanani hata kidogo na kumtazama vibaya kila abiria anayeshuka kutoka Bukoba.

Wengine watasema tahadhari haina hasara, afadhali kumshuku mtu bure kuliko kujuta. Hasara ipo. Machi 2025, Wizara ya Afya ilipotangaza wagonjwa wawili wa kwanza wa mpox nchini, mmoja alikuwa dereva wa lori aliyetokea nchi jirani. Ugonjwa wa upele wa namna hiyo hugundulika mtu anapokubali kuvua shati mbele ya mganga, na dereva anayejua kwamba atatengwa na kusemwa atafunga vifungo vyote na kuendelea na safari, kama wale wa Burton wasiopokelewa popote. Tena, lawama hutufumba macho tusione kilicho kwetu. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo cha mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, vyoo hakuna, maji ya kunywa ni ya ziwa. Kipindupindu kikawapata watu zaidi ya 3,000, na wapo Watanzania waliokufa nacho. Watu waliondolewa pale, meli ya MV Liemba ikiwa miongoni mwa vyombo vilivyowabeba, wakapewa maji salama, ugonjwa ukatulia. Agosti mwaka huo huo kipindupindu kikalipuka Dar es Salaam na kuenea mikoa mingi, wagonjwa wakapita 20,000. Anayetaka kumtwisha mkimbizi mzigo wote aeleze kwanza kwa nini kilimtoka yeye mapema, kikatuganda sisi mitaani kwetu kwa miaka.

Sisemi wasafiri wasipimwe mipakani. Wapimwe, na wanaotoka kwenye mlipuko wafuatiliwe kwa idadi ya siku inayotakiwa na ugonjwa wenyewe. Ila Tabora haina mpaka wa kufunga, na reli ya kisasa inayojengwa kupita hapa kwenda Mwanza na Kigoma itaongeza wageni, haitawapunguza. Maegesho ya malori ya Nzega na Igunga, stendi za mabasi, stesheni na nyumba za wageni za bei ya chini ndizo kambi za leo. Ziwe na maji ya bomba, vyoo vinavyofunguliwa usiku kucha, na zahanati ambamo dereva anaingia bila kuulizwa kwanza utaifa wake. Madiwani wa mkoa huu wakikaa kwenye bajeti ya afya, waanzie hapo.