Kigugumizi: mbona jana alisema vizuri?

Siku ya Mungu mtoto anaimba kwenye korali, hakwami hata neno moja. Kesho yake masomoni mwalimu anamuuliza jina, na jina lenyewe linakataa kutoka. Wenzake wanacheka. Mwalimu anasema: “Huyu anajifanyaka tu, jana alikuwa anaimba muzuri!” Pengine fimbo inafuata.

Hajifanyi. Kigugumizi njo vile kiko: kinapanda na kushuka. Mwenye nacho anaweza kuimba, kusali kwa sauti moja na wengine, ao kuongea na mbuzi wake bila shida. Wimbo una maneno na mapigo yaliyokwisha kupangwa. Kujibu swali ni kazi nyingine: ubongo unapanga pumzi, ulimi na midomo papo hapo, watu wakitazama. Na jina ni gumu zaidi. Wengi wamejifunza kukwepa neno linalokwama na kuweka lingine, lakini jina lako utaliweka nini?

Wazazi wengi wanasema chanzo ni woga, malezi mabaya, ao laana. Hapana. Woga unakiongeza, lakini hauko chanzo. Kigugumizi kinatembea katika jamaa: mwaka 2015 wachunguzi waliofuata familia moja kubwa ya Kameruni walitangaza kwamba wamekuta badiliko katika jeni moja. Picha za ubongo nazo zinaonyesha tofauti katika njia zinazounganisha sehemu ya kusikia na ile inayoongoza kinywa.

Mara nyingi kinaanza kati ya miaka 2 na 5. Karibu watoto 5 kwa 100 wanakipitia, na wengi kinawaachia wenyewe. Kwa watu wazima kinabaki kwa karibu mtu 1 kwa 100, zaidi wanaume. Nani kitamwachia na nani hapana, hakuna anayeweza kusema mapema kwa hakika.

Wataalamu wa usemi ni wachache sana huku kwetu. Basi nyumbani na masomoni, kwanza ni kungoja. Usimmalizie neno. Usimwambie “pumua kwanza”, maana inamwonyesha tu kwamba umechoka kumsikiliza. Mtazame usoni, amalize mwenyewe. Na zamu yake ya kusoma kitabu ikifika, mwalimu anaweza kumweka asome pamoja na mwenzake, kwa sauti moja: mara nyingi maneno yatatoka, sawa vile kwenye korali.