Je, Wajua? Mimea Nayo Ina "Kolesteroli" Yake

Chupa ya mafuta ya alizeti ikijinadi kuwa haina kolesteroli, haijadanganya, ila inajisifia jambo la kawaida: mafuta ya mimea kwa asili hayana kolesteroli ya kutajika. La kusifiwa ni kilichomo humo badala yake, yaani steroli za mimea.

Iliyo maarufu kati yazo, sitosteroli, ina atomi 29 za kaboni. Kolesteroli ina 27. Mmea hutumia sitosteroli kuimarisha utando laini wa seli zake, kazi ileile inayofanywa na kolesteroli mwilini mwetu.

Kufanana huko ndiko kunakotufaa. Kolesteroli haipenyi utumbo mpaka ipakiwe kwenye vitone vidogo mno vya nyongo na mafuta, na humo nafasi ni haba. Steroli za mimea huwahi siti kama abiria wa daladala jioni, na kolesteroli iliyoachwa hutoka na choo. Wala steroli zenyewe hazifiki mbali, kwani pampu za utumbo huzirudisha karibu zote. Tena kolesteroli inayozuiwa si ya mayai na nyama tu. Nyingi zaidi hutoka kwenye ini letu wenyewe kupitia nyongo, hivyo hata asiyegusa nyama ananufaika.

Kule Marekani, mwaka 1951, ilionekana kwamba kuku waliolishwa kolesteroli pamoja na steroli za soya hawakupandisha kolesteroli ya damu. Ufini, nchi iliyoteswa sana na maradhi ya moyo, ilianza kuuza majarini yenye stanoli, ndugu wa karibu wa steroli hizi, mwaka 1995, malighafi yake ikitokana na mabaki ya misonobari viwandani.

Gramu 2 za steroli kwa siku hushusha kolesteroli mbaya, LDL, kwa takriban asilimia 10. Ufuta na karanga ni hazina nzuri, lakini mlo wa kawaida hutoa miligramu 200 hadi 400 tu, kwa hiyo anayemeza statini, dawa ya kushusha kolesteroli, asiiache kwa ajili ya kashata. Trigliseridi, mafuta mengine ya damu, hazishuki sana, na bado haijathibitishwa kwamba steroli hupunguza mishtuko ya moyo.

Wapo pia wachache waliorithi pampu mbovu za utumbo. Kwao steroli hujaa kwenye damu na kuziba mishipa, na daktari huwaagiza wapunguze karanga, ufuta na hayo mafuta ya alizeti.