Taiwan: Lindo Moja, Fikra Mbili

Askari aapapo, huapa kuilinda nchi yake. Je, iwapo wananchi hawajaafikiana nchi hiyo ni ipi, askari asimame upande gani? Swali hilo limewakabili kwa miaka mingi wanajeshi wa Taiwan, kisiwa ambacho Beijing yadai kuwa ni sehemu ya China.

Mwaka 1949 Chama cha Kuomintang, kikiongozwa na Chiang Kai-shek, kilishindwa vita na Wakomunisti wa China. Kikavuka bahari pamoja na majeshi yake, kikaendelea kujiita serikali ya Jamhuri ya China. Kisiwa kikatawaliwa kwa sheria ya kijeshi hadi Julai 1987.

Mwaka 1986 kilizaliwa chama pinzani, Chama cha Maendeleo ya Kidemokrasia. Mwaka 1991 kilitangaza shabaha ya kuunda Jamhuri ya Taiwan. Mwaka 1999 kikalegeza kauli: Taiwan ni huru tayari, jina lake kikatiba ni Jamhuri ya China, na badiliko lolote liamuliwe kwa kura ya wananchi wote. Kuomintang hushikilia kwamba China ni moja, ila kila upande una tafsiri yake. Nayo Beijing ilitunga mwaka 2005 sheria ya kuruhusu nguvu itumike kuzuia utengano.

Hapo ndipo ulipo mtihani wa askari. Zamani jeshi hilo lilikuwa mkono wa Kuomintang, na chama kilikuwa na matawi ndani ya vikosi. Katiba ya mwaka 1947, katika kifungu cha 138, yaagiza majeshi yawe juu ya vyama. Lakini kwa muda mrefu agizo hilo lilibaki karatasini.

Machi 2000 Chen Shui-bian wa upinzani alishinda urais. Maofisa waliofunzwa kwamba utengano ni uhaini wakampigia saluti, na tarehe 20 Mei akawa Amiri Jeshi Mkuu wao. Haikulia risasi hata moja. Mwaka 2008 Kuomintang ikarudi madarakani. Mwaka 2016 ikang'olewa tena. Na Januari 2024 Lai Ching-te akakipatia chama chake ushindi wa tatu mfululizo. Kila mara jeshi lilitii.

Wanasiasa wa Taiwan wangali wakishindana juu ya jina na hatima ya kisiwa chao. Askari naye ana kura yake, aitumie kama raia. Lakini bunduki aliyokabidhiwa haina chama.